GIABOKSI IKICHEMKA, TAFUTA CHANZO KABLA YA KUMTAFUTA MKOSAJI

Pikapu ya kazi ikikwama njiani kati ya Arua na Koboko, giaboksi ikanuka kuungua na gari likakataa kuvuta, neno la kwanza linalosemwa ni hili: "Dereva ameiua gari." Neno la pili ni bei ya giaboksi. Neno la tatu ni nani atakayeilipa. Swali ambalo lingepaswa kutangulia yote hayo huwa halijaulizwa: joto hili limetoka wapi?

Zamani pikapu na malori ya kazi katika West Nile yalikuwa ya gia za mkono. Siku hizi pikapu za gia za otomatiki nazo zimeingia, nyingine mpya, nyingine zimetumika tayari katika nchi nyingine kabla ya kufika kwetu. Zinapelekwa kubeba mbao, saruji, mapipa ya maji, mazao, mashine za kiwandani, na hata wafanyakazi wenyewe. Dereva aliyezoea klachi ya mguu anakabidhiwa ufunguo bila maelezo yoyote. Huko ni kumpa mtu kazi na kumnyima maarifa ya kazi hiyo.

Makala hii inawahusu madereva, mautingo, mafundi, wanyapara na wawakilishi wa wafanyakazi. Hapana ubishi kwamba yapo makosa ya dereva yanayoweza kuchemsha giaboksi. Lakini zipo sababu nyingine nyingi ambazo dereva hana uwezo nazo, na kila moja ina alama zake. Anayezijua alama hizo anaweza kuokoa giaboksi, na anaweza kuokoa ajira ya mtu.

JOTO LINATOKA WAPI

Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi huunganishwa na sahani ya klachi. Dereva akiichezea klachi mlimani, harufu humfikia puani papo hapo, akajua amekosea. Giaboksi ya otomatiki haina onyo la namna hiyo. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara kilichojaa oili, ambacho mafundi hukiita konvata. Ndani yake mna mapangaboi yanayotazamana. La kwanza huzungushwa na injini na kuirusha oili. La pili huipokea oili hiyo na kuizungusha giaboksi. Wazo hili ni la siku nyingi. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alilipatia hataza mwaka 1905 kwa kazi ya meli, na kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza magari ya gia za otomatiki kwa wingi kuanzia mwaka 1939.

Sasa tuangalie ubaya wake. Injini ikizunguka kwa kasi huku magurudumu yanakwenda polepole, oili ndani ya konvata inasuguana kama viganja vya mikono wakati wa baridi. Nguvu ambayo haikwenda kwenye magurudumu inageuka kuwa joto. Gari likishika mwendo mzuri, klachi ndogo iliyomo ndani ya konvata hufunga, pande zote mbili zikazunguka pamoja, na joto likapungua. Kwa hiyo mwendo wa pole wenye mzigo mzito, hasa mlimani au ndani ya matope, ndio unaochemsha zaidi kuliko mwendo wa wastani barabarani.

Oili ya giaboksi hii ina kazi nne. Hupeleka nguvu, hutoa presha ya kukaza klachi za ndani, hulainisha vyuma, na hubeba joto kulitoa nje. Joto hilo hupelekwa kwa mabomba mawili mpaka kwenye radieta ya injini, au kwenye radieta ndogo ya oili iliyowekwa mbele yake, kisha oili hurudi ikiwa imepoa.

Kwa kawaida oili hiyo hukaa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Mafundi wana kanuni yao: kuanzia hapo kwenda juu, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata umri wa oili kwa karibu nusu. Ikifika kwenye nyuzi 115 hivi, oili huanza kuacha utando kama gundi juu ya vyuma na vali. Ikifika kwenye 130, sili za mpira hukauka na kuwa ngumu. Ikipita 150, klachi za ndani huteleza na kuungua. Giaboksi iliyochemka leo ikavumilia inaweza kufa miezi miwili baadaye, mikononi mwa dereva mwingine kabisa. Hapo ndipo dhuluma inapoanzia.

DALILI ZA MAPEMA

Taa ya onyo ya joto la oili, kwa magari yaliyo nayo, huja mwishoni. Kabla yake dereva makini huona haya:

Gia inachelewa kuingia unapoweka D au R, kisha inaingia kwa kishindo. Injini inapiga kelele na mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari haliongezi mwendo. Gia zinabadilika vizuri asubuhi, jua likipanda zinaanza kusitasita. Harufu kama ya mkate ulioungua inatoka chini ya gari. Oili nyekundu inadondoka ardhini, au inaonekana imetoka kwenye tundu la kupumulia la giaboksi.

Dalili moja kati ya hizi inatosha kuandikwa kwenye daftari la gari. Dalili mbili zinatosha gari lisipakiwe mzigo mpaka litazamwe.

IKITOKEA NJIANI

Toka barabarani, tafuta mahali tambarare pasipo na nyasi kavu. Jambo hili si dogo katika miezi ya kiangazi, Desemba mpaka Machi, maana oili ikidondokea bomba la moshi lenye moto inaweza kuwasha gari na pori pamoja. Weka P, kaza breki ya mkono. Ikiwa injini yenyewe haijachemka na oili haimwagiki, usiizime upesi. Iache izunguke taratibu kwa dakika kadhaa, kwa sababu pampu ya oili huendeshwa na injini. Ukizima, oili husimama mahali penye moto mkali na haifiki kwenye radieta. Lakini ikiwa kuna moshi, oili inamwagika, au mshale wa joto la injini umepanda, zima mara moja na watu wote washuke.

Usimwagie giaboksi maji. Chuma chenye moto kikipigwa na maji baridi kinaweza kupasuka.

Usikubali gari livutwe kwa kamba mpaka Koboko huku magurudumu yanayoendeshwa na giaboksi yanazunguka chini. Injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi, na vyuma vya ndani husagana vikavu. Gari libebwe juu ya lori, au propela shafti ifunguliwe kwanza. Giaboksi iliyokuwa na ugonjwa mdogo imeuawa mara nyingi na safari ya kuvutwa.

UCHUNGUZI KWA MPANGO

Fundi mzuri hufanana na daktari: huuliza kabla ya kupasua. Utaratibu uwe kama hivi.

Kwanza, uliza joto lilianza lini. Jibu lake ni nusu ya uchunguzi. Ikiwa giaboksi huchemka mlimani na mzigo tu, na kwenye tambarare bila mzigo haina neno, shaka iwe juu ya uzito, mwendo, au uwezo wa radieta ya oili. Ikiwa inachemka hata barabara ya lami, mwendo wa wastani, bila mzigo, shaka iwe juu ya njia ya kupoza au ile klachi ya ndani ya konvata isiyofunga. Ikiwa ilianza siku chache baada ya sevisi, shaka iwe juu ya oili yenyewe: aina au kipimo. Ikiwa injini nayo inachemka, anza na radieta, feni na maji. Ikiwa ilianza baada ya kuvuka maji mengi au tope, tazama radieta ya oili, na tazama kama maji yameingia kwa tundu la kupumulia.

Pili, pima oili kwa namna inayotakiwa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa, na wao hufanya hivyo hivyo kwa giaboksi. Magari mengi yenye kijiti cha kupimia oili ya giaboksi hupimwa hivi: gari likiwa limepata joto la kazi, limesimama mahali sawa, injini inazunguka, gia zikiwa zimepitishwa zote polepole na kurudishwa P. Kijiti kina alama mbili, ya oili baridi na ya oili moto. Soma ile inayostahili. Pikapu nyingi za miaka ya karibuni hazina kijiti. Hizo hupimwa kwa kufungua nati maalumu chini ya giaboksi wakati oili iko katika kiwango cha joto kilichoandikwa na kiwanda, injini ikizunguka. Anayefungua nati hiyo bila kujua kiwango hicho hapimi, anabahatisha.

Oili ikipungua, pampu hunyonya hewa, presha hushuka, klachi huteleza na joto hupanda. Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga kama mwiko unavyopiga uji mpaka itoke povu, na matokeo huwa yale yale. Kwa hiyo mtu anayeongeza oili "kidogo tu kwa usalama" kila wiki anaweza kuwa ndiye anayeleta ugonjwa.

Tatu, soma rangi na harufu. Dondosha tone juu ya karatasi nyeupe. Nyekundu na safi, ni njema. Kahawia yenye harufu ya kuungua, imepata joto kupita kiasi. Rangi ya waridi kama maziwa, maji ya radieta yameingia ndani ya oili kwa tundu katika radieta. Gari hilo lisiwashwe tena, kwa maana maji huozesha gundi inayoshikilia bitana za klachi. Chembe ndogo nyeusi za unga huwa ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni habari mbaya.

Jambo la kuangaliwa sana ni aina ya oili. Oili nyingi za giaboksi ya otomatiki hutiwa rangi nyekundu kiwandani, kwa hiyo wekundu si ushahidi kwamba ndiyo inayofaa. Kila mtengenezaji ana aina yake: gari moja linataka Dexron, jingine linataka Toyota WS, jingine jingine. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua, si muuza duka wala debe lililo karibu. Chupa tupu ihifadhiwe, na jina lake liandikwe kwenye daftari.

Nne, tazama njia ya kupoza. Vumbi, tope, mbegu za nyasi na wadudu hujaa kwenye matundu ya radieta ndogo ya oili mpaka hewa isipite. Safisha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, gari likiwa limepoa. Tazama kama feni inavuta hewa vizuri, na kama mabomba ya oili hayakubonyezwa na mawe. Fundi mwenye kipimajoto cha bastola, kile kisichogusa chuma, apime bomba linalokwenda na bomba linalorudi. Ikiwa yote mawili yana joto sawa na kubwa, oili inapita lakini haipozwi. Ikiwa moja lina moto na jingine karibu baridi, yawezekana oili haipiti kwa wingi unaotakiwa, njia imeziba. Usipime kwa kushika kwa kiganja: oili yenye nyuzi 120 huunguza kuliko maji yanayochemka.

Tano, tazama mambo yaliyo nje ya giaboksi. Breki za nyuma zilizoshika hulazimisha giaboksi kuvuta gari linalojizuia lenyewe. Gusa hewa karibu na kila gurudumu baada ya safari fupi, lile lenye moto kuliko mengine litajitaja. Matairi yenye upepo pungufu nayo huongeza kazi. Kwa pikapu ya magurudumu manne, tazama kama dereva wa mwisho aliondoa gia ya 4H alipotoka kwenye tope na kuingia lami. Katika pikapu nyingi, magurudumu manne yakilazimishwa kuzunguka sawasawa juu ya lami kavu hubishana kwenye kila kona, na ubishi huo hulipwa na vyuma na joto.

Sita, tumia mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Si lazima iwe ya bei kubwa, ila iwe inayoweza kuonyesha joto la oili ya giaboksi gari likiwa mwendoni. Namba P0218 maana yake oili ilivuka joto. Namba P0711 inatia shaka sensa ya joto au waya zake, yaani huenda oili haijachemka kabisa na anayesema uongo ni sensa. Namba P0741 inaonyesha klachi ya konvata haifungi inavyopasa. Ziandike kabla ya kuzifuta. Fundi anayezifuta kwanza ameufuta ushahidi.

Ipo njia rahisi ya kuijaribu klachi hiyo. Oili ikiwa imepata joto, mwendo wa karibu kilomita 80 kwa saa mahali pa wazi na tambarare, shikilia mafuta yasibadilike, kisha gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto. Mizunguko ya injini ingepaswa kupanda kidogo, kisha kushuka tena ukiachia. Isipobadilika kabisa, huenda klachi haikuwa imefunga tangu mwanzo. Jaribio hili lifanywe na watu wawili, mmoja akitazama barabara na mwingine akitazama mshale.

Saba, na ya mwisho, ndipo giaboksi ifunguliwe. Lipo jaribio la kushika breki, kuweka D na kukanyaga mafuta mpaka chini ili kupima nguvu ya konvata. Hilo ni la fundi aliyefundishwa, lisizidi sekunde 5, na lisifanywe kabisa juu ya giaboksi iliyokwisha kuchemka. Kulirudia rudia ni kuipika.

BARABARA ZETU NA MWENDO UNAOFAA

Barabara ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba ina urefu wa kilomita 92, kutoka mpaka wa Kongo hadi mpaka wa Sudan Kusini, na iliwekwa lami katika miaka ya 2010. Juu ya lami hiyo giaboksi nzima haina shida kubwa. Shida huanza gari linapoiacha lami na kuingia njia za udongo za vijijini, kuelekea mashambani, machimbo ya mawe au makazi ya wakimbizi kama Lobule, hasa katika miezi ya mvua.

Kwenye mlima mrefu wenye mzigo, shusha gia kwa mkono, weka 2 au L, au zima ovadraivu. Giaboksi isiachwe ikipanda na kushuka gia kila baada ya mita mia. Kwenye tope zito weka 4L kabla ya kukwama, maana gia hiyo huipunguzia konvata kazi. Ukikwama, usicheze D na R huku unakanyaga mafuta kwa nguvu. Dakika chache za mchezo huo huongeza joto kuliko safari nzima ya Arua kwenda Koboko. Shusheni mzigo, chimbeni, wekeni matawi. Na mlimani usilishikilie gari kwa mafuta lisirudi nyuma, tumia breki.

Na uzito je? Kila pikapu ina uzito wa mzigo uliowekwa na kiwanda, na nyingi za namna hii hukaribia tani moja, watu wakiwemo. Mnyapara anayeagiza mifuko 30 ya saruji ya kilo 50 ipakiwe ameagiza tani moja na nusu. Joto litakalofuata lina saini yake, hata kama usukani ameushika mtu mwingine.

DAFTARI NA HAKI YA DEREVA

Kwa hiyo basi, kila pikapu ya kazi iwe na daftari. Ndani yake dereva aandike tarehe, njia, mzigo na aliyeuagiza, oili iliyoongezwa na jina lake, dalili aliyoiona, na jina la aliyempa taarifa. Mistari mitatu kwa siku yatosha. Siku ya lawama, mistari hiyo itasema pale ambapo mwenye nguvu kidogo hasikilizwi.

Mwakilishi wa wafanyakazi akiitwa katika shauri la giaboksi iliyoungua, aulize haya: Oili ilipimwa na nani, na kwa namna gani? Ilibadilishwa lini, na kwa aina ipi? Radieta ya oili ilisafishwa lini? Namba za kompyuta ziliandikwa kabla ya kufutwa? Mzigo wa siku hiyo ulikuwa kiasi gani, kwa amri ya nani? Dereva aliwahi kufundishwa gari la otomatiki? Kama hakuna majibu, hakuna uchunguzi. Na pasipo uchunguzi hakuna hukumu ya haki.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema wazi: mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa kosa au kwa kazi mbovu lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe wakati wa maelezo hayo, apewe muda wa kutosha kujitayarisha, na asikilizwe. Dereva asikubali kutia saini karatasi ya kukiri kosa kando ya barabara, gari likiwa bado linafuka moshi.

Nasi kwa upande wetu tusifiche makosa. Dereva aliyeona dalili akanyamaza kwa kuogopa kunyimwa safari anajifunga mwenyewe, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Aseme mapema, aandike, na wenzake wasimame naye anapokataa kulitoa gari gonjwa likiwa na watu nyuma. Wafanyakazi wadai pia kwamba kila anayepewa pikapu ya otomatiki afundishwe walau siku moja, na kwamba gereji ya kazi iwe na kipimajoto, mashine ya kusoma kompyuta, na kitabu cha gari lenyewe. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo kuliko giaboksi moja.